Maandishi Kwenye Jani la Mkonge

Pale Kilole, ukitaka kumkimbiza Mwalimu Mhina Sadala, msifu. Mwambie tu kwamba mtoto wako amejua kusoma kwa miezi mitatu, uone. Atakunja uso kama aliyemeza shubiri, atatafuta kofia yake, atakuaga kwa adabu zote na kushika njia. Wazazi walidhani ni unyenyekevu. "Mwalimu wetu hana makuu," walisema, wakazidi kumsifu, naye akazidi kuwakimbia. Watu wa Korogwe wana moyo mwema, mtu akinuna wanamtafutia sababu nzuri.

Haukuwa unyenyekevu hata kidogo. Kila alichosifiwa kilikuwa cha mtu mwingine. Kule kusimama mlangoni asubuhi na kumsalimu kila mtoto kwa jina lake na la mama yake, hakukubuni yeye. Kuvunja chaki vipande viwili ili mkono mdogo ushike kisichokatika, vilevile. Na yale maneno aliyoyaandika juu ya ubao, "Kosa halichapwi, kosa huandikwa upya," ambayo mkaguzi wa elimu aliyanakili kwenye daftari lake huku akitikisa kichwa kwa kupendezwa, hayakuwa yake. Yote aliyapata kwa Mwalimu Yordani, kijijini Mazingara, na mwenye mali huyo Mhina alimlipa ubaya. Hiyo ndiyo habari yenyewe, wala haina namna ya kuzimuliwa.

Yordani alifika Mazingara akiwa kijana, mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na saba, ametumwa na misheni kufungua shule. Alikuwa Mnyamwezi, lakini Unyamwezi aliujua kwa kusimuliwa. Baba yake alitembea kwa miguu kutoka huko enzi za Mdachi kuja kukata mkonge, na Yordani akazaliwa kambini, karibu na Korogwe. Alikuja na mkewe Bernadina, sanduku moja la bati, na machipukizi mawili ya mkonge ndani ya kikapu. Banda la shule lilipokamilika aliyapanda pande mbili za mlango. Wazee walicheka sana. Wenzake wanapanda mipapai, yeye anapanda miiba! Wakasema huenda Wanyamwezi wanakula katani.

Watoto wa kwanza waliletwa wakiwa wanatetemeka, maana waliambiwa shuleni kuna fimbo na kubatizwa kwa nguvu. Yordani akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nyinyi si Wazigua?" akauliza. "Basi nimefika kwangu. Babu yangu aliwanunua wote kwa kibaba cha mtama, mwaka wa njaa. Watumwa wangu, mwangaluka!" akawasalimu kwa Kinyamwezi.

Msichana mmoja, Mashavu, akajibu akiwa amejificha nyuma ya bibi yake: "Babu yako alipita hapa na pembe ya tembo begani, akatuomba maji ya kunywa!"

Kila mtu akaangua kicheko, wa kwanza wao Yordani mwenyewe. Kumbe ni mtani! Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mmoja anaweza kumwita mwenzake mwizi, mchawi au mlafi mbele ya mkwewe, na hakuna wa kukasirika. Anayekasirika ndiye anayechekwa. Tangu siku hiyo shule ya Mazingara ilijaa, na waliokuja kwa ajili ya matusi walikuwa wengi kuliko waliokuja kwa ajili ya kitabu.

Yordani aliweka sheria moja. Ukivuka kizingiti kuingia ndani, yeye ni mwalimu na shikamoo yake umpe. Ukivuka kutoka nje, yeye ni mtani wako. Na mikonge ilipokua ndipo watu walipoelewa kwa nini aliipanda. Vibao vya kuandikia vilikuwa vimevunjika, na misheni ilikuwa ikiahidi kuleta vingine. Yordani alichukua mwiba akaandika kwenye jani pana la mkonge wa upande wa kulia. Mkwaruzo ulitoa utomvu, ukakauka, ukageuka mweusi kama wino. Kila wiki aliandika utani mpya hapo, na aliyeweza alijibu kwenye mkonge wa kushoto. Nani atakubali kutukanwa na asijue ametukanwaje? Watoto walijifunza kusoma kwa uchungu wa kutaka kujibu. Alikuwa akiwaonya jambo moja tu: "Andika polepole. Udongo unafutika, jani la mkonge halifutiki."

Mhina ndiye aliyekuwa stadi wao. Baba yake, Sadala, alikwenda kwenye mkonge akasahau njia ya kurudi, kwa hiyo nyumbani walibaki yeye, mama yake Fatu, na baadaye mdogo wake Tatu, aliyezaliwa baba akiwa ameshaondoka. Yordani alimpenda waziwazi. Mhina alipougua homa mpaka akawa anaongea ovyo, mwalimu alimbeba mgongoni hadi zahanati ya Handeni, mwendo wa siku mbili, na njia nzima alimtania: "Unaona mtumwa wangu, umenirudisha kwenye upagazi wa babu yangu. Na mzigo wenyewe hauuziki!" Mhina, na homa yake, alicheka akiwa ameegemeza shavu kwenye shati lililolowa jasho. Harufu ya shati lile hakuisahau mpaka mvi zinamtoka.

Kisha ukaja mwaka wa nzige. Walikula mahindi, wakala mtama, wakala majani ya nyumba. Mkonge peke yake ndio uliowashinda. Njaa ilipokaza, misheni ilileta magunia ya mahindi ili watoto wa shule wapikiwe uji, na Padri, Mzungu mgeni ambaye hakuwa na miezi minne tangu atoke kwao, alitoa amri kali. Mahindi ni ya watoto walioandikwa shuleni na mwalimu wao tu. Punje ikienda kwa mwingine, magunia hayatakuja tena.

Amri ni rahisi kuitoa ukiwa umeshiba. Mhina alikuwa akinywa uji wake shuleni huku akijua Tatu analala kwenye kifua kisicho na maziwa. Lakini jioni moja aliona mama yake akitoka nyuma ya nyumba ya mwalimu na kikapu kimefunikwa kitambaa, na usiku ule nyumbani walipika. Wanawake wengine wenye watoto wachanga walipita njia hiyohiyo, jioni moja moja. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti. Na mwalimu, ambaye naye alikuwa na haki ya bakuli moja la uji, alianza kukonda mpaka suruali akaifunga kwa kamba ya katani.

Ijumaa moja Yordani aliandika kwenye jani lake: "Mzigua akinywa uji husahau njia ya shamba." Watoto wakacheka. Mhina akawaza jibu Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Alitaka jibu litakalomaliza maneno, litakaloimbwa hadi Handeni. Jumatatu, kabla wenzake hawajafika, alichagua jani la mkonge wa kushoto lililokuwa usawa wa macho, akang'oa mwiba, akaandika polepole kama alivyofundishwa:

"Mwalimu Yordani ni mwizi. Mahindi yetu anakula yeye na mkewe. Tazameni tumbo lake."

Ucheshi wote ulikuwa kwenye hilo tumbo. Mtu yeyote wa Mazingara angesoma, angemtazama mwalimu ambaye tumbo lilikuwa limeshikana na mgongo, angecheka mpaka akae chini. Mhina alirudi nyuma hatua mbili, akaona ni kazi nzuri. Mwandiko ulikuwa safi, herufi zimelala upande mmoja kama za mwalimu mwenyewe.

Aliyeisoma wa kwanza alikuwa Padri.

Alikuja asubuhi ileile, kwa pikipiki, bila taarifa. Alikuja kwa jambo jema: shule ya bweni ya Korogwe ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja kutoka Mazingara, na Yordani alikwisha kumwandikia jina, Mhina Sadala. Padri akasimama mlangoni akavua miwani ya vumbi, akasoma jani la kushoto, akasoma tena. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, lakini maneno yale yalikuwa rahisi.

"Nini hii?" akauliza.

"Ni utani, Padri," Yordani akasema, akicheka. "Mimi na hawa ni watani."

Padri hakucheka. Neno hilo hakuwahi kulikuta. Aliingia ghalani, akatazama magunia, akatoka uso umekuwa mwekundu. Mahindi ya kufika mwisho wa mwezi yalikuwa yamebaki ya wiki moja. "Yamekwenda wapi?"

Yordani aliacha kucheka. Mhina alimwona akitazama nje, kule ambako moshi wa nyumba za Mazingara ulikuwa unapanda. Angeweza kusema. Lakini akisema, amri ni amri, magunia yangekatwa, watoto wote wangekosa uji na wachanga wangekosa zaidi. Mwizi akiwa mmoja, atafukuzwa mmoja. "Mimi ndiye mwenye ufunguo, Padri," akasema. "Niulizwe mimi."

"Nani ameandika?"

Watoto thelathini na saba walitazama miguu yao. Yordani alitembeza macho darasa zima, yakafika kwa Mhina, yakapita bila kusimama. Padri akashika karatasi yenye jina, akaita: "Mhina Sadala. Wewe ni kiongozi wa wanafunzi. Mwalimu wako anachukua mahindi?"

Hapo ndipo penyewe. Mhina alijua mambo yote mawili. Alijua aliyeandika, na alijua mahindi yamekwenda wapi; asubuhi ile alikuwa na shibe ya ugali wa mahindi hayohayo tumboni. Angesema "Jani ni langu, nilikuwa natania," pengine Padri angemchapa yeye, angelikata jina lake kwenye karatasi, na mambo yangeishia hapo. Aliitazama ile karatasi. Akaona bweni la Korogwe ambalo hakuwahi kuliona, na viatu.

"Sijui," akasema.

Mtoto wa miaka kumi na mitatu akiogopa, tunamsamehe. Tatizo ni kwamba yule mtoto alikua, na bado hakusema.

Yordani alipewa siku mbili za kuondoka. Alipita njia ya kijiji sanduku la bati likiwa kichwani, Bernadina nyuma yake na mtoto wao Ponsiano mgongoni. "Watumwa wangu!" alipaza sauti. "Mnamfukuza bwana wenu?" Wanawake waliokuwa wakilia walicheka, kisha wakalia zaidi. Alisimama mbele ya nyumba ya Fatu. Mhina alikuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa kati ya ukuta na rundo la kuni.

"Mtumwa wangu yuko wapi?"

"Ametoka, mwalimu," Fatu akasema. Naye alidhani anasema kweli.

"Mwambie asome. Asome mpaka macho yamtoke."

Alipopotea kwenye kona ya njia, Fatu alikaa chini akampakata Tatu. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi: "Aliyeandika lile jani, Mungu aukaushe mkono wake." Mhina alisikia kila neno. Aliutazama mkono wake wa kulia, na tangu siku hiyo hakuacha kuutazama.

Huko bweni Korogwe alisoma kweli. Alisoma kama anayekimbizwa. Likizo ya kwanza alirudi Mazingara akakuta watoto wapya, na mwalimu mpya mvivu asiye na kibao wala chaki, akiwafundisha kwa kile alichokikuta mlangoni. Walikuwa wamejipanga mbele ya mkonge wa kushoto, mwalimu ananyooshea kijiti, nao wanaimba: "Mwa-li-mu Yo-rda-ni ni mwi-zi." Maandishi yalikuwa meusi zaidi ya siku ile. Mchana, watu walipokwenda mashambani, Mhina alichukua panga akalikata jani lile, akalikatakata, akalitupa chooni. Lakini wasichana walikuwa wameshaufanya wimbo wa kutwangia, na wimbo haukatwi kwa panga.

Akawa mwalimu. Alipewa shule Kilole, akamwoa Zamda, wakapata watoto. Mama yake alikuja kukaa nao, akafa huku akimwombea baraka kila asubuhi, hasa mkono wake unaoshika chaki. Hebu fikiria.

Siku moja, vita vya Hitla vikiwa vimekaza na mkonge ukihitajika kila mahali, Mhina alitumwa Magoma kuandikisha watoto wa kambi. Kwenye mstari wa wakataji waliorudi kutoka shambani akaona mtu mwembamba aliyezeeka kabla ya siku zake, kisu cha mkonge mkononi, mikono imejaa makovu ya miiba mpaka kwenye viwiko.

"Mtumwa wangu!" mzee akapiga kelele. "Umekuja kwa bwana wako na viatu?"

"Shikamoo, mwalimu." Mhina akavua kofia.

"Shikamoo ya nini, tuko nje hapa, hakuna kizingiti." Yordani akamkumbatia. Alinuka jasho, lilelile.

Alimkaribisha nyumbani, kwenye chumba kimoja cha laini, zile nyumba za mstari za kambi. Bernadina alipika mlenda. Yordani alieleza bila kinyongo kwamba misheni zote za wilaya zilikwisha kupata habari zake, hapakuwa na mahali pa kufundisha, kwa hiyo alirudi kwenye kazi ya baba yake. Jumapili aliwafundisha watoto wa kambi kusoma. Majani yako tele, alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Mhina aliweka kijiko chini. "Mwalimu, lile jani la Mazingara..."

"Jani?" Yordani akamkatiza. "Mhina, nimekata majani kila siku ya Mungu tangu nilipoondoka kule. Unataka nikumbuke moja?" Akamgeukia mkewe. "Mwongeze huyu mlenda, Wazigua hawashibi."

Akacheka, Bernadina akacheka, na Mhina akacheka. Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Alikuwa akienda Magoma mara mbili au tatu kwa mwaka, na sukari, na shuka, na daftari za watoto wa Jumapili, na kila alipofungua mdomo mzee aliufunga kwa utani. Alijua? Mwandiko ule aliufundisha yeye, herufi kwa herufi. Mtu hasahau mwandiko aliouumba. Pengine alikuwa amesamehe zamani. Lakini msamaha uliotolewa kabla hujauomba ni kama nguo ya kuazima, huwezi kuivaa ukatembea kifua mbele.

Na tusimwonee huruma kupita kiasi, kwa sababu njia ilikuwapo. Padri yuleyule alikuwa bado Korogwe, amezeeka, Kiswahili kimemwingia vizuri, na sasa yeye mwenyewe alitaniwa na waumini wake akacheka. Mhina alipita kwenye baraza lake kila mwezi kwa shughuli za shule. Barua moja tu ingetosha: jani niliandika mimi, mahindi yalikwenda kwa wachanga, na mmoja wao ni dada yangu. Yordani angerudishiwa jina lake, labda na darasa. Mhina aliianza barua hiyo mara nyingi, kwa mwandiko uleule uliolala upande mmoja. Aliiacha wakati wa mitihani. Aliiacha Zamda alipojifungua. Aliiacha alipotajwa kuwa mwalimu mkuu, kwa sababu aliyemtaja ni Padri. Muhula ujao, alijiambia. Kisha Padri akarudi kwao Ulaya, na habari zikaja kwamba amefariki, na Mhina, tuseme ukweli, siku ile alipumua.

Mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa masika, Ponsiano alikuja Kilole kwa baiskeli, matope hadi magotini. Alikuwa kijana mrefu, ana sura ya baba yake.

"Shikamoo, mwalimu. Baba ametutoka tangu jana. Mama amesema uje. Hakuna Mzigua mwingine."

Walipanda gari la mkonge hadi Magoma. Njiani Ponsiano akasema akitazama barabara: "Niliomba nafasi ya kusomea ualimu mwaka jana. Wakaniuliza, wewe ndiye mtoto wa yule wa mahindi? Sikumwambia baba. Hivi, mwalimu, wewe ulikuwapo. Aliyachukua kweli?"

"Hapana," Mhina akasema. "Hakuchukua."

"Basi kwa nini hakuna aliyesema?"

Gari liliruka shimo, wakashikilia mbao, na Mhina akashukuru lile shimo. Lakini moyoni alikata shauri. Leo atasema, mbele ya watu wote, kabla udongo haujamfunika. Baba hatalisikia, lakini mtoto atalisikia, na kambi nzima itakuwa shahidi.

Msiba ulijaa. Waliokuja walikuwa Wanyamwezi, Wasambaa, Wabena, Wamakonde, watu wa kambi zote za jirani ambao watoto wao walijifunza kusoma Jumapili. Jeneza lilitoka, na mzee Isaka, aliyekuwa akisimamia mazishi, akapaza sauti: "Mtani yuko wapi? Mnyamwezi haingii kaburini bila Mzigua kumpa ruhusa!"

Kazi ya mtani msibani inajulikana. Lazima azuie njia, amseme marehemu, aigize mwendo wake, mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi na kumpa ada apishe. Mhina alivua koti. Akalala chali kwenye matope, mbele ya jeneza, na wenye kulibeba wakasimama.

"Hapiti!" akasema.

"Kwa nini hapiti?" watu wakaitikia, wakisogea.

"Kwa sababu mmeambiwa huyu ni mwizi wa mahindi."

Vicheko vichache vikaanza. Mtani ameanza vizuri, anagusa palipo na kidonda, ndiyo kazi yake. Mhina akainuka, matope yanadondoka mgongoni.

"Huyu hakuiba! Mwizi ni mimi! Jani la Mazingara niliandika mimi, kwa mkono huu. Mahindi yalikwenda kwa mama yangu, niliyala mimi, na nilipoulizwa nikasema sijui. Nikapewa shule yake. Nikavaa viatu vyake. Mwalimu mkuu wa Kilole ni mwizi, na aliyefukuzwa ni huyu!"

Kambi nzima ililipuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Mwalimu mkuu mzima, na tai shingoni, amejaa matope, anajiita mwizi! Huyo ndiye mtani wa kweli. Wengine humtukana marehemu, huyu amejigeuzia matusi mwenyewe ili amtukuze mwenzake. Mzee Isaka alifuta macho. "Wazigua hawa!" akasema. "Wanajua msiba!"

"Ni kweli, jamani!" Mhina akapiga kelele. "Sitanii! Wallahi sitanii!"

Walicheka zaidi. Alimtafuta Ponsiano kwa macho. Kijana alikuwa amebeba pembe ya mbele ya jeneza, kichwa kimeinama, mabega yanatikisika, na kutoka pale Mhina hakuweza kujua kama anacheka au analia. Mtu akaja na bakuli la unga, ile ada ya mtani, akaumwaga wote kichwani kwake. Unga wa mahindi, mweupe, ukamshukia usoni na kuingia kwenye kola ya shati. Wakapiga vigelegele. Wimbo ukaanza, jeneza likapita kando yake, karibu kiasi kwamba angeweza kuligusa. Hakuligusa.

Watu walipomaliza kupita, Bernadina alisimama mbele yake. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa siku mbili za kilio, lakini midomo bado ilikuwa na mabaki ya kicheko, cha kwanza tangu mumewe afunge macho. Akashika ncha ya kanga yake akaanza kumpangusa uso, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye ule unga.

"Ahsante, mtani," akasema. "Angefurahi sana. Pole, naona umekuingia machoni."

Ponsiano alikuwa amempa mwingine pembe yake ya jeneza, amegeuka nyuma, anawatazama. Walikuwa watatu tu sasa kwenye njia, hakuna wa kucheka, na hakuna jambo lililobaki ila kulisema tena kwa sauti ndogo. Mhina aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa mzima.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni unga tu."